Kijiko Kimoja cha Siki

Mchuzi ulirudishwa jikoni kwa siku ya tatu mfululizo, na safari hii haukurudishwa na mtu mmoja. Sahani kumi na saba zilijipanga kwenye dirisha la kugawia chakula, nyama haijaguswa. Wafanyakazi wa kiwanda cha magodoro walikuwa wamerudi mezani kula wali mkavu, na mshonaji mmoja akapaza sauti, "Jamani, leo mpishi anataka tunywe bahari!"

Mpishi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya sufuria, mikono kwenye aproni. Watu walimwita Kionjo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akionja mara moja tu, anafumba macho, na anajua sufuria ya watu mia tatu imepungukiwa nini. Lakini sasa ulikuwa mwezi wa pili hajaonja kitu. Daktari alimwambia figo zake zote mbili zimechoka, damu yake itasafishwa kwa mashine Jumanne na Ijumaa, na chumvi aiage. Tangu siku hiyo alipika kwa kukisia. Alimwomba mkata vitunguu amwonjee, na mkata vitunguu, mama mpole asiyetaka kumkwaza mtu, kila siku alijibu, "Iko sawa, bosi," iwe sawa isiwe sawa.

Msimamizi wa kantini aliingia akiwa na sahani mkononi.

"Umeonja hiki?"

"Nimeonja."

"Onja tena. Hapa hapa, watu waone."

Kionjo alichukua kijiko. Alikusudia kulamba tu, kisha ateme. Lakini chumvi ilipogusa ulimi, taya zilimuuma kwa utamu na mate yakamjaa kinywani. Akachota kijiko cha pili. Akachota cha tatu. Alisahau dirisha, akasahau watu. Alipozinduka, kantini nzima ilikuwa ikimtazama mtu mzima anavyofuta sahani kwa kidole.

"Kumbe kwako ni mtamu," msimamizi alisema, na kicheko kikalipuka meza hadi meza. Kisha akamsogelea, akashusha sauti, maana hakuwa mtu katili, alikuwa mtu aliyebanwa na wakubwa wake. "Sikiliza. Kuanzia keshokutwa utaosha masufuria. Ruhusa yako ya kesho Jumanne nimeshaisaini. Ya Ijumaa sisaini. Wameniambia waziwazi, anayekosa kazi siku mbili kila wiki atafutiwe mtu wa kukaa nafasi yake. Ukikosa Ijumaa, Jumatatu usije."

"Bosi, ile mashine inalipiwa na bima ya kazi. Nikikosa kazi nimekosa na mashine."

"Ndiyo maana nakwambia usikose kazi."

Msimamizi hakuona jinsi maneno yake yalivyojifunga kitanzi. Kionjo aliona. Ili abaki na bima inayolipia mashine, ilimpasa asiende kwenye mashine.

*

Mkewe alikuwa dobi. Alipiga pasi nguo za watu sebuleni mwao, na vyumba vyao viwili vilinuka sabuni na joto la pasi. Jioni ile alimsikia mumewe akihangaika mlangoni, akatoka, akamkuta ameketi kwenye kizingiti, kiatu hakivuliki.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu."

Mke alipiga magoti, akaupindua mguu huku na huku mpaka kiatu kikatoka. Akabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

"Umekula chumvi, baba."

"Nimeonjeshwa," Kionjo alisema, na hakusema zaidi.

Alimwekea chakula: kabichi iliyochemshwa maji yakamwagwa, yai moja, wali. Hakuna chumvi hata punje. Kionjo alikisogeza kwa uma upande huu na upande ule. Katika chumba cha pili binti yao, aliyekuwa kidato cha tatu, alikula samaki wa kukaanga taratibu, mlango umefungwa, dirisha wazi, ili harufu isimfikie baba. Hivyo ndivyo walivyoishi miezi miwili: mke na binti wakila kwa kujificha kama wezi, na mwenye nyumba akikaa peke yake mezani mbele ya sahani asiyoitaka.

"Wewe ungekula hiki?" aliuliza.

"Ningekula, kama ndicho cha kuniponya."

"Hakiponyi. Kinanichelewesha tu." Akaweka uma chini. "Chakula cha maiti hiki. Mimi nimelisha watu maisha yangu yote, halafu nife na kabichi ya maji mdomoni?"

Mke alitaka kumjibu kwa ukali. Aliondoa sahani na kurudi kwenye pasi.

*

Jumanne, Kionjo alipokuwa amelala kwenye mashine, mirija miwili mkononi, mkewe alibisha kwenye chumba cha mtaalamu wa lishe. Mtaalamu alikuwa binti mdogo, mwenye foleni ya watu ishirini nje ya mlango na kikombe cha chai kilichopoa tangu asubuhi.

"Hali chakula, dada yangu," mke alisema. "Anakataa. Siku nne sasa anakula vijiko viwili, anaacha. Namlisha nini?"

Mtaalamu alimwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Unaweka viungo gani?"

"Mlisema nisiweke."

"Tulisema usiweke chumvi. Vile vidonge vya mchuzi, sosi na achari, hapana pia, vimejaa chumvi. Lakini kitunguu saumu weka. Pilipili manga weka. Na nunua siki, ile nyeupe ya kawaida, soma kwenye chupa uone kama haina chumvi. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia kabichi uliyokwisha kuichemsha na kuimwaga maji, na mwishoni kabisa, ukishazima moto, nyunyiza siki kijiko kimoja cha chai. Uchachu unauamsha ulimi. Mtu anadhani kuna chumvi."

"Kwa hiyo siki inasaidia figo?"

"Hapana, mama." Mtaalamu aliweka kalamu chini ili aeleweke. "Siki haiponyi figo. Inaudanganya ulimi, basi. Kijiko kwenye chakula, siyo kunywa. Inayosafisha damu ni ile mashine."

Mke aliitikia kwa kichwa. Alielewa. Baadaye, mambo yalipoharibika, hakuweza kujidai kwamba hakuelewa.

Jioni ile alipika jinsi alivyoelekezwa, kipande cha kuku akakilaza kwanza kwenye siki na saumu. Kionjo alikaa mezani kwa uso wa mtu aliyeitwa polisi. Akatia tonge mdomoni. Akaacha kutafuna. Akafumba macho.

"Umetia siki."

"Kijiko kimoja."

"Umetia mwishoni, moto umezimwa."

"Umejuaje?"

"Ingekuwa mwanzoni ingekwenda na mvuke." Alifumbua macho, na mkewe akamwona mpishi aliyemwoa. "Saumu umeichoma kidogo. Kesho ipunguzie moto."

Alimaliza sahani. Binti alitoka chumbani na sahani yake, akavuta kiti, akakaa na baba yake bila kuambiwa. Hakuna aliyetaja jambo hilo, walihofia kuliharibu.

*

Alhamisi alikuja dada yake Kionjo. Ndiye aliyemlea mdogo wake tangu mama yao alipofariki, akamsomesha kwa kuuza nguo za mitumba, na katika nyumba ile hakuwa mgeni wa kupigiwa hodi. Aliingia moja kwa moja jikoni, akaona chupa ya siki.

"Hii ya nini, wifi?"

"Ya chakula. Wamenielekeza hospitali."

"Hospitali wenyewe?" Wifi alipiga makofi. "Nilijua! Walikuwa wanaificha, sasa imewashinda!"

Alitoa simu kwenye kifua cha gauni, akabonyeza, na sauti ya mwanamume asiyejulikana ikaeleza jinsi alivyokuwa kufani kwa figo, akanywa siki ya tufaha glasi tatu kwa siku, na figo zikafunguka zenyewe. Mashine, sauti ilisema, huzizoesha figo uvivu. Kisha wifi akafungua mkoba na kutoa chupa kubwa ya maji ya rangi ya chai, yenye utando uliotuama chini. Alikuwa ameuza marobota mawili ya mitumba kuipata, jambo ambalo hakulisema.

"Mtaalamu alisema siyo ya kunywa," mke alisema. "Alisema haiponyi."

"Mtaalamu ana umri gani?"

"Wifi, umri haumo."

"Mimi nimemlea huyu. Nimemlaza kifuani ana surua. Wewe umemkuta ana ndevu." Akamgeukia ndugu yake. "Miezi miwili unafungwa kwenye ile mitambo. Umepona?"

Kionjo alikuwa ameketi kwenye lundo la mashuka yasiyopigwa pasi. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kusugua masufuria siku mbili. Hakuwa mjinga, na ile sauti ya simu haikumwingia kichwani. Lakini alikuwa anahesabu Ijumaa. Kesho ndiyo ilikuwa Ijumaa.

"Nikienda hospitali kesho, sina kazi Jumatatu," alisema taratibu. "Nikienda kazini, nimekosa mashine mara moja tu. Mara moja siyo kitu." Akamtazama mkewe. "Wewe unasemaje?"

Hapo ndipo neno la mke lilipohitajika. Alijua cha kujibu. Lakini aliona pia nguo za watu zinazomngoja, kila Jumanne na Ijumaa akizikimbia, wateja watatu wamekwisha kuhama. Aliona benchi la hospitali, saa nne nzima, wagonjwa wakitapika kwenye mabeseni. Aliwaza jinsi ingekuwa kuamka Ijumaa na kukaa tu nyumbani. Wazo likawa tamu, na utamu wake ukamwaibisha hata kabla hajafungua mdomo.

"Jaribu Ijumaa moja," alisema. "Moja tu."

*

Ijumaa ilipita salama, na usalama wake ndio uliowaponza. Kionjo aliosha masufuria, akarudi akitania kwamba sasa anawajua wapishi wanaounguza ukoko. Asubuhi na jioni alikunywa glasi yake mbele ya dada yake, akikunja uso, na ya mchana akaibeba kazini. Tumbo lilimchoma, naye akaambiwa huo ndio uchafu unaotoka. Kila glasi ilikuwa maji juu ya maji, katika mwili usioweza tena kuyatoa.

Jumanne asubuhi mke alimwandalia shati la hospitali. Msimamizi alikuwa amepiga simu, mzigo wa vyombo ni mkubwa, aje.

"Najisikia vizuri," Kionjo alisema.

"Uso umevimba."

"Nimelala vibaya."

"Tulisema Ijumaa moja, baba."

"Na hii ni Jumanne," alijibu, akajaribu kucheka. Akavaa aproni. Mke alisimama na lile shati mkononi mpaka akasikia hatua zake zimeishia barabarani. Angeweza kumkimbilia. Shati alilirudisha kwenye kamba, akaanza kupiga pasi mashuka.

Jumatano hakulala kitandani, kila akijinyoosha alikabwa. Alhamisi, jua likiwa limechomoza, binti alimkuta amekaa mezani, kipaji cha uso kimeegemea ukuta, pumzi zikitoka kwa mikoromo mifupi. Midomo ilikuwa ya kijivu.

"Baba, unasikia?"

Alisogeza mkono. Alitaka kusema nipe hewa, ikatoka, "Dirisha." Dirisha lilikuwa wazi.

*

Walimpeleka kwa gari la jirani fundi seremala, amekalishwa baina ya milango miwili mipya, mke akimshika kiuno asianguke. Pale mapokezi karani alifungua daftari.

"Huyu nafasi yake tumeshampa mtu. Hakuja Ijumaa, hakuja Jumanne. Mlisafiri?"

"Hapana."

"Sasa mlikuwa wapi?"

Watu kwenye mabenchi waligeuka. Mke alihisi masikio yanawaka. "Alikuwa kazini. Anakufa, ndugu yangu, niulize baadaye."

Muuguzi mmoja alikwisha kuusikia ule mkoromo. Kitanda cha magurudumu kikaja mbio, aproni ikakatwa kwa mkasi, barakoa ya hewa ikabanwa usoni. Daktari alitoka mara moja tu kuuliza, akiwa amesimama mlangoni, "Amekula nini? Dawa yoyote ya kienyeji? Semeni upesi, nahitaji kujua."

Wifi alikuwa amefika, kanga imemteleza, kiatu kimoja hana. Alimwona mtaalamu wa lishe aliyekuja kwa kelele zile, akamnyooshea kidole. "Muulizeni huyu! Siki ameitoa yeye! Nyinyi ndio mliowapa siki!"

Mtaalamu alibadilika rangi. Kichwani mwake ilipita ile Jumanne: dakika nne, chai iliyopoa, foleni. Nilisema? Nilisema vizuri? Hakuwa na hakika, na kutokuwa na hakika kulimfunga mdomo.

Ingekuwa rahisi kwa mke kunyamaza. Kila mtu alikuwa akimtazama yule mtaalamu.

"Alisema," mke alisema. "Alisema kijiko kwenye chakula, asinywe. Alisema mashine ndiyo inayosafisha. Nilisikia vizuri." Akamgeukia daktari. "Amekunywa glasi tatu kila siku, leo ni siku ya saba. Mashine amekosa mara mbili. Aliniuliza, na mimi nikamwambia ajaribu."

Daktari alirudi ndani mbio. Wifi alishusha kidole. Alitazama ukuta, akatazama mguu wake usio na kiatu, kisha akakaa sakafuni pale pale aliposimama.

*

Mashine ilivuta maji kwa saa tano. Mchana walisema moyo ulisimama kidogo ukarudi, na kwamba hautakuwa tena kama ulivyokuwa. Alasiri waliruhusu mtu mmoja aingie.

Kionjo alikuwa macho. Alionekana mdogo, kama nguo iliyokamuliwa maji.

"Msimamizi amepiga?" aliuliza.

"Amepiga. Kazi hakuna tena. Amepigania jina lako libaki kwenye orodha mpaka mkataba uishe. Kadi ya bima itafanya kazi miezi mitatu."

"Halafu?"

"Sijui."

Kionjo alifumba macho. Mke alilivuta shuka, akalinyoosha kingo kama ilivyo desturi ya mikono yake, akaona hawezi kuendelea kunyoosha.

"Baba, ile Ijumaa." Akaliachia shuka. "Ile Ijumaa hukwenda. Mimi nilifurahi. Nilikaa nyumbani nikafurahi. Nilijua siyo sawa, na nilifurahi."

Alingoja akemewe. Mashine ya jirani ililia, ikanyamaza.

"Nilijua," Kionjo alisema. "Nilikuona unaimba kwenye pasi." Akavuta pumzi mbili kabla ya kupata nyingine ya kusemea. "Na mimi nilifurahi. Nilisugua masufuria kama mtu mzima mwenye kazi yake. Siku moja tu, sikuwa mgonjwa wa mtu."

Mke aliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda. Alilia kimya, na mume akaweka juu ya nywele zake ule mkono usio na mirija.

Muuguzi aliingia na fomu. Nafasi mpya imepatikana, alisema, alfajiri ya Jumatano na Jumamosi, lakini safari hii hawatapokea mgonjwa anayekuja peke yake. Kila siku iandikwe jina la mtu wa kumsindikiza, naye aweke sahihi, mgonjwa akikosa ajibu yeye.

"Jumatano, mimi," mke alisema.

"Jumamosi?"

Mke aliitazama fomu. Jumamosi ndiyo siku wateja wote huchukua nguo zao. Alifungua mdomo aseme mimi, kwa sababu hapakuwa na mwingine.

"Niandike mimi," sauti ilisema mlangoni. Wifi alikuwa amesimama pale, hakuthubutu kuingia, kwani walisema mtu mmoja. Macho yalikuwa yamevimba. "Niandike dada yake. Sijui kuandika, nitaweka dole."

Muuguzi aliwatazama wote wawili. "Unajua ni saa ngapi, mama? Saa kumi na moja alfajiri."

"Najua."

"Na ukifika humo ndani, ni kile tunachosema sisi. Hakuna chupa."

Wifi aliitikia kwa kichwa. Hakumtazama mke wa ndugu yake, wala mke hakumtazama. Muuguzi alifungua kidau cha wino, akamshika kidole gumba, akakibonyeza kwenye karatasi mbele ya neno Jumamosi. Kisha akamwambia mke atoke, dada aingie zamu yake. Mke alipita kando ya wifi yake mlangoni, akafika kwenye benchi la ukumbini, akakaa, na kabla hajajua anafanya nini alikuwa ameshalala, mdomo wazi, mbele za watu.